Vidonge Sita kwa Siku

Siku za kazi nilikuwa paramediki, mhudumu wa dharura kwenye ambulensi. Ijumaa, katika nyumba moja ya ghorofa ya tatu nyuma ya maduka ya Al Sadd mjini Doha, nilikuwa daktari, na sikuwahi kumsahihisha mtu yeyote aliyeniita hivyo.

Nyumba ile walikuwa wameipanga dada watatu Wakenya waliofanya kazi mapokezi katika hoteli za jirani. Kila Ijumaa aliyekuwa na mapumziko alifika: walinzi, madereva, wapishi, mayaya waliopewa ruhusa ya saa chache. Ugali ulisongwa, mchicha ukakaangwa kwa sababu sukuma haikupatikana kila wiki, na watu wakazungumza lugha ya nyumbani mpaka koo zikakauka. Baada ya kula walianza kunijia mmoja mmoja pale kwenye roshani. Mlinzi miguu imevimba kwa kusimama saa kumi na mbili. Dereva mgongo unauma. Kwenda kliniki kulihitaji ruhusa ya msimamizi, na wasimamizi wengi hawakupenda kuombwa. Mimi nilikuwa na mfuko mweusi wenye dawa nilizonunua mwenyewe dukani, na sikuhitaji ruhusa ya mtu.

Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa huruma tu. Huruma ilikuwepo. Lakini nilipenda pia namna chumba kilivyonyamaza nilipoanza kueleza jambo, na namna mtu mzima aliyenizidi umri alivyonipokea kwa mikono miwili.

Kazini nilikuwa mtu mwingine, au niliamini hivyo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, Doha yote imechimbwa kwa ajili ya metro, na wafanyakazi wapya wa ambulensi waliletwa kutoka kila nchi. Kituoni kwetu mimi ndiye niliyepewa kuwafundisha hesabu za dawa: uzito wa mgonjwa, nguvu ya dawa, mililita ngapi uvute kwenye sindano. Niliwafundisha kwamba dawa husomwa kwa sauti na watu wawili. Mmoja anasoma jina, nguvu na tarehe ya mwisho, mwenzake anaangalia kwa macho yake na kuthibitisha. Nilikuwa na pakiti mbili za dawa moja, zenye rangi moja na maandishi yanayofanana, ila moja ilikuwa na nguvu mara mbili ya nyingine. Nilimpa mtu mojawapo nikamwambia anisomee, na akisoma jina bila kusoma nguvu, nilimrudisha mbele ya wenzake asome upya. Siku moja nilimfanyia hivyo bwana mmoja mwenye shahada, aliyefanya kazi ya dharura miaka mingi kabla yangu. Alisoma tena huku masikio yamemwiva. Nilimwambia kwamba dawa unayoijua huisomi, unaikumbuka tu, na hapo ndipo unapoua. Nilijisikia nimesema neno kubwa.

Mama niliyemkosea alikuja Doha katika kipindi kile kile. Alitoka upande wa Kilifi, mjane wa makamo, mwenye mwili mwembamba na sauti ya chini. Alifanya kazi kwenye chumba cha dobi cha hoteli, akipitisha mashuka kwenye mashine ya kupigia pasi tangu alfajiri hadi alasiri. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini: shuka, mto, haraka, samahani. Kiarabu hakuwa nacho. Katika nyumba ile ya Ijumaa ndipo alipopata watu wa kuzungumza nao, na mimi akaniita mwanangu tangu siku ya kwanza.

Aliniambia bega linamuuma kiasi kwamba usiku hawezi kulilalia. Nililishika, nikalizungusha, nikamwambia ni misuli ya kazi. Nikampa pakiti ya vidonge vya maumivu, aina inayojulikana sana, vya miligramu ishirini na tano. Nikamwambia ameze viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, baada ya kula. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho mtu mzima anaruhusiwa kwa siku, na hupewa kwa siku chache tu, kwa mtu aliyeulizwa kwanza kuhusu tumbo lake. Sikumuuliza kuhusu tumbo lake. Nyuma yake kulikuwa na mlinzi na nyuma ya mlinzi kulikuwa na wengine wawili.

Wiki iliyofuata alisema bega limepoa. Akaomba zaidi. Nilipita dukani kabla ya kwenda, muuzaji akaniambia zile zimekwisha, akanipa pakiti nyingine ya kampuni ile ile. Nilizitia mfukoni. Pale kwenye nyumba nilikuwa na sahani mkononi wakati alipokuja, kwa hiyo nilimwambia atoe mwenyewe kwenye mfuko wangu uliokuwa kitini. Akaitoa, akaigeuzageuza. Vidonge vilikuwa vya rangi tofauti kidogo.

"Ni zile zile?" akaniuliza.

"Ni zile zile, mama," nikamjibu, nikaendelea kula.

Zilikuwa za miligramu hamsini.

Siku kumi baadaye, saa tano asubuhi, mimi na mwenzangu tuliitwa kwenye hoteli. Mwenzangu alikuwa Mtunisia, tuliendesha ambulensi moja kwa karibu miaka miwili. Alikuwa mtu asiye na maneno mengi, aliyeandika fomu zake kwa mwandiko wa mwalimu wa shule ya msingi. Baina yetu tulizungumza Kiingereza. Redio ilisema mwanamke, maumivu ya tumbo, anatoka jasho. Hata jina la hoteli lilipotajwa sikumfikiria. Hoteli zilikuwa nyingi, na wanawake wenye maumivu ya tumbo walikuwa wengi zaidi.

Tulimkuta ameketi juu ya rundo la mashuka, magoti ameyakunja, mkono umebana ubavu. Msimamizi alisimama mlangoni. Mashine ilikuwa bado inazunguka na joto la chumba lilikuwa la kukatisha pumzi. Aliponiona uso wake ulifunguka.

"Mwanangu," alisema. "Afadhali umekuja wewe."

Nikamwambia mwenzangu kwamba huyu mama ni wa kwetu, kwamba nitatafsiri. Akakubali kwa kichwa na kuanza kumfunga kipimo cha presha. Maswali yetu yalikuwa na mpangilio wake na sote tuliyajua kwa moyo. Yalianza lini. Yanaanzia wapi, yanaelekea wapi. Nilimuuliza kwa Kiswahili, akajibu, nikatafsiri neno kwa neno. Maumivu yalianza usiku, yalishika tumbo la juu upande mmoja, yakapita hadi mgongoni. Hajatapika bado, lakini kichefuchefu kinamsumbua. Mwenzangu aliandika. Katika mji ule, wenye joto lile na watu wasiokunywa maji ya kutosha, maumivu ya namna hiyo mara nyingi yalikuwa ya mawe ya figo, na niliona anaelekea huko.

Kisha akauliza dawa. Anatumia dawa yoyote?

Nikamuuliza mama. Akanitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua.

"Ni dawa zile zako tu, mwanangu. Sita kwa siku, kama ulivyosema. Leo nimemeza mbili alfajiri, kabla ya kuja kazini."

Mpaka leo najaribu kukumbuka kama nilifikiri. Nilijua kwamba paramediki hana ruhusa ya kugawa dawa nje ya kazi, kwamba leseni yangu ilikuwa ya ambulensi na si ya roshani ya Al Sadd. Nilijua pia, wakati ule ule, kwamba vidonge vile na maumivu yale vinahusiana. Yote mawili niliyajua. La kwanza ndilo lililonifungua mdomo.

"Anasema hatumii dawa yoyote," nikamwambia mwenzangu.

Kalamu yake ilisimama. Hakuniangalia. Aliangalia karatasi, halafu akamwangalia mama.

"Muulize tena," akasema.

Nikajifanya kumuuliza tena. Nilimwambia mama kwa Kiswahili kwamba tutampeleka hospitali, asiogope. Akaitikia. Nikamgeukia mwenzangu na kusema hakuna, hana dawa.

Hapo mwenzangu aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya mama, na akamwuliza mwenyewe, taratibu, kwa maneno mawili.

"Dawa? Sita?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Miaka yote nimetumia maneno hayo bila kukumbuka kwamba yametoka Kiarabu, na Kiarabu ndiyo lugha ya mwenzangu. Alikuwa amesikia dawa, amesikia sita, amesikia alfajiri, na alikuwa amesubiri nimpe yaliyobaki.

Mama alinitazama. Hakujua Kiingereza cha kutosha kufuata mazungumzo yetu, lakini alijua neno la kukana, na alikuwa amelisikia mara mbili kutoka kinywani mwangu baada ya yeye kusema kweli. Sijui alielewa nini. Nafikiri alielewa kila kitu. Akatikisa kichwa.

"La," alimwambia mwenzangu. "Hakuna."

Mwenzangu alinyanyuka. Akafungua mkoba wa dawa, kwa sababu mgonjwa alikuwa na maumivu makali na kilichoandikwa mpaka hapo kilimruhusu kuyatuliza. Akatoa chupa ndogo ya sindano na kunisomea kwa sauti, jina, nguvu, tarehe, kisha akainyoosha mbele ya macho yangu nithibitishe. Ilikuwa dawa ile ile ya vidonge vyangu, ya kuchoma sindano.

Nilimwambia tusubiri. Akauliza kwa nini. Nilisema presha siipendi. Alisema presha iko chini kidogo, haikatazi. Nikasema hospitali iko karibu, tusubiri tu. Alinitazama kwa muda, chupa bado mkononi. Kisha akairudisha mahali pake, akatundika dripu ya maji peke yake.

Watu niliowahi kuwasimulia sehemu hii wamejaribu kunifariji nayo. Wanasema, basi angalau ulimzuia. Ndiyo, nilimzuia. Nilipata uongo wa pili wa kuulinda ule wa kwanza, na kwa bahati ulimfaa na yeye.

Ndani ya ambulensi mimi ndiye niliyeendesha. Kabla hatujafika mzunguko wa pili wa barabarani nilisikia mama akitapika, na mwenzangu akaniambia niwashe king'ora. Hakueleza. Nilipofungua mlango wa nyuma hospitalini niliona mwenyewe: beseni lilikuwa na matapishi meusi ya chembechembe, kama machicha ya kahawa. Hiyo ni damu iliyokaa tumboni. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua.

Mwenzangu alimkabidhi kwa muuguzi wa zamu. Nilisimama upande wa pili wa machela nikimsikiliza akisoma fomu. Alipofika kwenye dawa alisema: haijulikani. Hakusema hatumii. Muuguzi akauliza haijulikani vipi, na mwenzangu akasema kwamba mgonjwa amekana, ila yeye hana uhakika.

Ndipo niliposema. Nikamtajia muuguzi jina la dawa, miligramu hamsini, sita kwa siku, kwa takriban siku kumi, na kabla ya hapo wiki moja ya zile ndogo. Nilisema hesabu nzima: miligramu mia tatu kwa siku, mara mbili ya kiwango cha juu. Muuguzi aliacha kuandika.

"Nani amekwambia?"

"Mgonjwa mwenyewe. Njiani."

"Na nani alimpa?"

Mama alikuwa amefumba macho. Mwenzangu alikuwa amesimama kiasi cha mkono mmoja kutoka kwangu, na yeye ndiye aliyekaa na mgonjwa njia nzima, kwa hiyo alijua kwamba njiani mama hakuniambia kitu.

"Sijui," nikasema. "Nadhani alinunua."

Tulisafisha gari. Beseni nililiosha mimi. Tulipokaa mbele, mwenzangu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa dereva, hakuwasha injini. Aliweka mikono kwenye usukani.

"Kwenu," alisema, "sita ni sita?"

"Ndiyo."

Akawasha injini. Hakuuliza kingine siku ile wala baadaye. Mwisho wa mwezi nilikuta ratiba mpya kituoni na jina lake liko kwenye gari jingine. Alikuwa ameomba mwenyewe. Tulipopishana kwenye korido alinisalimia vizuri, kama zamani, na hilo lilinichoma kuliko kama angeninyamazia.

Mama alilazwa. Waliingiza kamera tumboni wakaona kidonda kinachovuja, wakakifunga, wakamwongeza damu. Alikuwa na historia ya vidonda vya tumbo tangu ujana. Aliniambia mwenyewe wodini, siku nilipokwenda kumwona. Alisema hata kule kwao wanajua, hapewi hata maharage. Nilikuwa nimembebea juisi ya ndizi na maziwa, nikaiweka juu ya kabati na kukaa. Yeye ndiye aliyeanza kuzungumza.

Alisema daktari amemgombeza sana, kupitia kwa muuguzi mmoja Mkenya aliyemtafsiria. Amemwambia watu wanaonunua dawa ovyo wanajiua. Alimuuliza ni nani aliyempa vipimo vile, naye akasema alizinunua mwenyewe na akameza kwa kukisia.

"Sikukutaja," alisema. "Usiwe na wasiwasi."

Nilimwambia kwamba zile za pili hazikuwa zile zile. Nilimweleza za kwanza zilikuwa na nguvu gani na za pili nguvu gani. Nilitumia vidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nilijua siku ile aliponiuliza. Nikasema sikujua kwa sababu sikusoma.

"Hukusoma," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayehakikisha amelisikia neno sawasawa. Kisha akageukia dirishani, akaniambia amechoka, anataka kulala.

Hoteli ilimrudisha nyumbani baada ya mwezi na nusu. Walisema afya yake haifai kwa kazi ya joto. Sikwenda uwanja wa ndege. Nilikuwa zamu, na ningeweza kubadilishana zamu.

Mimi niliendelea kufundisha. Hili ndilo ninaloona ugumu zaidi kuliandika. Mfuko mweusi niliutupa, na Ijumaa nikaacha kwenda Al Sadd kwa kisingizio cha kazi. Lakini darasani niliingia na pakiti zangu mbili kama kawaida. Nikaongeza na kisa. Niliwasimulia wanafunzi habari za paramediki mmoja ninayemfahamu, aliyempa mtu dawa bila kusoma nguvu yake. Walisikiliza kimya kabisa. Kilikuwa kisa kizuri cha kufundishia, na nilikisimulia kwa makundi matatu. Katika kundi la tatu mwanamke mmoja aliuliza huyo paramediki alifanywa nini. Nikasema hakuna aliyejua. Akauliza, "Wewe umejuaje?" Wenzake wakacheka. Nilicheka nao, nikaangalia saa, nikawapa mapumziko kabla ya wakati.

Wiki ile nilikwenda kwa mkuu wa kituo nikamweleza. Nilieleza yote, hata ile tafsiri ya uongo. Alinisikiliza huku akisogeza peni mezani. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita, mgonjwa hayupo nchini, na malalamiko hayakuwahi kuletwa. Niliandika taarifa kwa mkono wangu. Nilipewa barua ya onyo na nikaondolewa kwenye ufundishaji. Alinishauri nimwarifu mwenzangu wa zamani kwamba nimesema. Nilimtafuta, nikamwambia. Alisema vema, akanitakia zamu njema.

Nilipata namba ya mama kupitia kwa mmoja wa wale dada watatu. Nilipiga alasiri moja nikiwa kwenye basi la kurudi kutoka mji wa jirani wa Lusail. Akapokea binti yake. Nilipojitambulisha, sauti yake ilichangamka. Alisema mama husimulia habari zangu, kwamba alipoanguka kazini ni mimi niliyekuja na ambulensi, na kwamba bila mimi wangemzika ugenini. Alinishukuru kwa niaba ya nduguze wote, akawataja kwa majina.

"Dada," nilimwambia, "zile dawa zilizomtoboa tumbo nilimpa mimi."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipasua kuni.

"Mama hajawahi kusema hivyo."

"Najua."

"Na mbona unaniambia mimi?"

Nikaomba nizungumze na mama. Nikamsikia akitembea na kusema, mama, simu yako. Mama aliichukua. Aliniuliza hali yangu, akaniuliza kama bado niko na kazi ile ile. Nikasema niko nayo. Akasema vizuri. Akaniambia mvua imenyesha kwao siku tatu mfululizo, na mahindi yameanza kuota.